Ishirini na Nne

Vua vyote, anasema Eteri, na hiyo soksi nene pia.
Soksi nene ni ya mtu anayekaa kando ya jiko.
Ananipa nyembamba kama ganda la kitunguu,
anaweka kisigino changu kwenye bati la kupimia,
anasogeza kichuma mpaka kinagusa dole gumba.

Sentimita ishirini na nne.

Namwambia apime tena.
Majira kumi na moja ya baridi nimekuwa ishirini na sita na nusu.
Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ulimi wa buti za Malkhazi,
kaka yangu, aliyeziacha nyuma ya mlango
alipokwenda Poznan kupaka rangi nyumba za watu.
Mbele nilijaza gazeti, kurasa za michezo.
Kila Jumapili jioni nilichomoa matokeo yaliyolowa,
nikayaanika juu ya jiko, nikayasoma yakikauka.
Timu yetu ilifungwa mara nyingi humo ndani.

Anapima tena. Ishirini na nne.
Wa kushoto, ishirini na nne na punje.

Za kwanza nyekundu. Nimeshazitamani kabla sijazigusa.
Macho hayavai buti, anasema,
na kweli, kabla sijafika dirishani
kifundo kinapiga kelele.

Za pili ni mto wa kulalia.
Nasema hizi, hizi hizi, funga.
Eteri hata hainuki kwenye kigoda.
Simama wima: vidole viguse mbele, viguse tu.
Kunja magoti: virudi nyuma.
Sasa panda kwa ncha za vidole.
Kisigino kinapanda nami, taratibu,
kama mgeni anayeaga bila kusema.
Vua, anasema.

Lakini kisigino changu kimepanda miaka yote!
Nilidhani ndivyo mchezo ulivyo:
unaamua kukata kushoto,
mguu unaliambia gazeti,
gazeti linaiambia buti,
buti inauambia ubao,
na jibu linarudi
msonobari umeshafika.

Za tatu zina rangi ya theluji ya kando ya barabara
greda likishapita. Hakuna atakayezisifu.
Hazina kamba; pembeni kuna kitufe cha kuzungusha,
krr, krr, krr, na waya unakaza
kama mama anayekushika mkono kwenye umati.
Eteri amepasha moto soksi yake ya ndani,
mvuke unatoka na harufu ya mpira mpya.
Simama hapo dakika kumi, anasema, usiende popote.

Basi nimesimama katikati ya duka
kama kitu kilichowekwa kiuzwe,
na simu inalia. Malkhazi, rangi nyeupe kwenye kope.
Unafanya nini? Nimesimama.
Na zile zangu, bado zinafaa?

Ziko pale mlangoni, midomo wazi,
ulimi nje, kona ya gazeti ikichungulia.
Nguo ya kuazima haisitiri, nataka kumwambia,
na buti ya kuazima haigeuki.
Ila ana uchovu wa watu wengine usoni.
Zinakusubiri, nasema.
Ni kweli na nusu, au nusu ya kweli.
Anacheka, anasema Poznan kunanyesha mvua tu.

Lari mia sita na arobaini.
Kiangazi kizima cha kufua shuka za wageni
nakihesabu juu ya kaunta, noti kwa noti,
Eteri akikunja risiti bila kunitazama usoni.
Huo nao ni ustaarabu.

Usiku natembea nazo jikoni, kutoka sinki hadi jiko.
Mama anasema natembea kama ndama wa jana.
Kisigino kimetulia. Kulia hakuna neno.
Kushoto, ile punje inabana kidole cha mwisho;
siku mbili, tatu, alisema, italegea.

Kesho lifti inafunguliwa saa tatu.
Nauacha wa kushoto ulalamike.
Ni mara ya kwanza mguu huu kuulizwa chochote.