Pupa Hana Pupa

Walimkuta Zihalirwa tarehe kumi na tisa, bondeni Ruzizi,
nyuma ya tanuri la matofali lililozimwa.
Polisi akaziba pua kwa kofia yake,
akaandika: amekufa tarehe kumi na mbili,
maana siku ile Murhula alionekana akipanda kutoka huko,
matope hadi magotini.
Mtu, matope, tarehe. Jalada likafungwa kwa uzi.

Mimi nilikuja na kijiko cha chai,
makopo mawili yaliyokuwa ya maziwa ya unga,
na kipimajoto.

Siri ya maiti aijuaye mwosha, ndivyo tusemavyo.
Lakini kabla ya mwosha yuko aliyetangulia
bila hodi, bila hati ya mwendesha mashtaka,
mgongo kijani, unang'aa kama kitenge kisichofuliwa bado.
Alitaga penye unyevu: pembe ya jicho, tundu la pua,
pale pale mama mtu alipozoea kufuta kamasi.

Sikumfukuza.

Nusu ya mabuu niliwaua kwa maji ya moto
wasijikunje, wapate kupimika.
Spiriti ilikwisha maabara tangu Pasaka;
nikawahifadhi kwenye kanyanga ya Kadutu,
na mlinzi wetu, alipoona chupa inamiminwa,
alisikitika kuliko wafiwa.
Nusu nyingine niliwalea juu ya ini la ng'ombe
nililolinunua kwa pesa ya nauli.

Bukavu ni baridi. Usiku ukungu wa ziwa hupanda hadi Muhungu,
na buu, kama mwanafunzi, akipigwa baridi huchelewa.
Basi siku tano nikawa nashuka bondeni kusoma kipimajoto:
kumi na sita, ishirini na mbili, kumi na saba.
Umeme ulikatika; nikamulika hadubini kwa tochi ya simu.
Nyuma ya buu, penye matundu anayopumulia,
mipasuo miwili, bado kijana;
mitatu, amekomaa, anatafuta udongo ajifiche.
Hawa walikuwa na mitatu.
Na mmoja, chini ya tofali,
alikwisha kujifungia gandani, kahawia, kimya.
Pupa.
Lakini pupa hana pupa.
Humharakishi kwa rungu,
humcheleweshi kwa bahasha.

Nikajumlisha joto, nikatoa baridi, nikarudia mara tatu:
kati ya jioni ya tarehe nane na alfajiri ya tarehe tisa.
Usiku huo Murhula alilala katika seli
ya polisi yuleyule mwenye kofia,
kwa kosa la kukosa kitambulisho.

Mahakamani wakaniuliza, huku wanacheka:
leo tunawaapisha funza?
Nikajibu: hawana haja ya kiapo,
hawana shemeji mjini.

Nsimire, mjane, alinisubiri nje, karibu na wauza sambaza.
Hakuuliza nani.
"Docta, uniambie tu, alikufaka saa gani?"
Nikampa ukweli pamoja na upana wake:
Jumanne jioni, au Jumatano alfajiri, au katikati.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
Jumanne jioni alikuwa amefunga komeo kwa hasira,
akala ugali wote, akaacha sufuria tupu makusudi.
Jumatano alfajiri alikuwa amefungua,
amesimama uani na shuka mabegani, anatazama njia.

"Basi ni Jumatano," akasema.

Nilitaka kumweleza habari ya makadirio.
Nikatazama mikono yake, nikanyamaza.

Kwenye ripoti zile saa zimebaki zote, kumi na kitu,
sikupunguza hata moja.
Kwenye msalaba wa mbao, kule makaburini,
imeandikwa tarehe tisa, asubuhi.
Aliandika yeye.
Kopo la rangi nilishika mimi.