Uzi wa Subilaga

Amerudi tena na sketi ileile ya shule.
"Fundi, ipanue. Inanibana."
Inambana wapi? Ameifunga kwa pini mbili za nepi
na bado inateleza
kama jani la mgomba lililolowa.

Hapa Tukuyu mvua haiulizi msimu.
Tunavaa masweta mwaka mzima, nani aujue mwili wa mwenzake?
Subilaga huvaa matatu.
Chini ya yote matatu, mtoto wa Kidato cha Tatu,
mabega kama henga ya waya.

Nikampima. Futi yangu ni ya zamani, namba zimefifia,
lakini haijawahi kumdanganya mtu:
inchi ishirini na mbili.
"Futi yako imechoka," akasema.
"Kioo cha nyumbani kinasema vingine."

Mimi sikusomea vichwa vya watu.
Najua kola, najua zipu,
najua gauni la harusi linavyoficha mimba ya miezi minne.
Nikampa kidonge cha uzi mweupe:
"Kata kipande cha kukutosha kiunoni.
Usijizungushie. Kata kwa macho."

Akavuta.
Akavuta.
Uzi ukapita cherehani, ukapita pasi ya mkaa,
ukamaliza meza ya kukatia.
Hapo ndipo akaomba mkasi.

Nikamzungushia. Ukamzunguka, ukarudi ulikoanzia,
na kipande kikabaki kinaning'inia hadi gotini,
cha kumtosha msichana wa pili,
yule anayeamka naye kila siku,
anayemnyima ndizi na maharage,
ambaye mimi simwoni.

Akautazama uzi muda mrefu. Nikadhani, sasa.
"Umevutika," akasema.
Akavaa sweta la kwanza, la pili, la tatu.
"Ndaga, mama."
Ukungu ukampokea mlangoni.

Sketi sikuipanua. Wala sikuipunguza.
Ipo pale msumarini,
nangoja mama yake apite akitoka sokoni,
na sijui nitaanzia neno gani.

Jioni ile nilifunga duka nikabaki ndani.
Kioo cha wateja nimekifunika kitenge tangu mwaka juzi;
nawaambia kimepasuka.
Nikavuta uzi, safari hii wa kiuno changu,
nikaukata kwa macho.

Umelala mezani hadi leo.
Napiga pasi kando yake.
Sijauzungusha.