Pambizoni

Kwanza niseme wazi: mazombi hawanitishi.
Wananichosha.
Kurasa mia tatu za watu wanaokimbilia madukani
kugombea maharage ya kopo,
na nyuma yao wafu wanaburura miguu,
hawana jina, hawana deni, hawana ujumbe.
Marehemu wa kwetu akirudi ana neno lake:
hamkunisomea arobaini; mbona mmeuza kiwanja changu?
Unamjibu, unamtuliza, anakwenda zake.
Zombi utamwambia nini?
La kuvunda halina ubani.

Nasomea zamu ya usiku, Lochee, Dundee,
katika nyumba ya kulelea wazee,
kati ya kengele ya chumba cha nne na kengele ya chumba cha tisa.
Wenzangu huniuliza: Mwanahamisi, huogopi,
peke yako, na jalada lenye damu namna hiyo?
Kinyago nakiona kikichongwa.
Naisikia patasi ya mwandishi:
hapa mlango utalia, hapa taa itazimika,
hapa paka.
Kinachonitisha ni saa tisa, Bi. Farquhar akiamka
kuniuliza mumewe amechelewa wapi,
mume aliyezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita,
na mimi namjibu: yuko njiani.
Hakuna aliyewahi kuniandikia hofu
kama ya maneno hayo mawili.

Visa vya mauaji navipenda zaidi,
ingawa havina adabu kwa maiti.
Anaanguka ukurasa wa tisa juu ya zulia
na hakuna anayemfumba macho,
hakuna anayeuliza maji ya kumwosha,
nani atapika msibani.
Wote wanatazama saa yake ya mkononi
ilisimama saa ngapi.
Na ile sura ya mwisho, watu wamekusanywa sebuleni,
mpelelezi anazungukazunguka akijisikiliza!
Mimi hukifunga kitabu hapohapo.
Aliyekwisha kujua yote hana la kuniambia.

Lakini maktaba yetu ina msomaji mwingine.
Simjui. Ana penseli laini na mwandiko ulioinamia kulia.
Pambizoni huandika: Uongo.
Au: Mvua haikunyesha, rudi ukurasa wa 31.
Au, kwenye kisa cha mazombi: Nani anawakata kucha?
Nilicheka mpaka chumba cha nne wakapiga kengele.
Mara moja aliandika, mapema kabisa: Muuaji ni mpwa.
Nikamnunia wiki nzima.
Hakuwa mpwa.
Ndipo nilipojua nimepata rafiki.

Februari nikaazima kitabu kinene,
cha mjane na mnara wa taa.
Penseli ilikuwamo tangu mwanzo, ikigomba, ikifurahi,
hadi ukurasa wa mia na kumi na mbili:
Hapa kuna kitu
bila nukta.
Halafu weupe. Kurasa mia mbili, pambizo tupu,
theluji isiyokanyagwa na mtu.

Nikamuuliza Elspeth wa kaunta.
Alisema sheria haimruhusu,
na macho yake yakaenda kwenye kiti cha karibu na hita,
yakarudi upesi.

Ningeweza kupeleleza. Ushahidi ninao:
tarehe za mihuri, harufu ya tumbaku ya kiko,
unywele mmoja wa mvi ukurasa wa sabini.
Nimesoma visa vingi mno nisiweze kuunganisha hivyo vitatu.
Sitaki.
Sitaki kusimama sebuleni nikajisikiliza.

Kitendawili, umeniambia. Tega, nimekuitikia,
na wewe umenyamaza.
Haya, nimeshindwa. Nakupa mji:
twaa Dundee, na daraja lake refu juu ya mto Tay,
na giza lake linaloingia saa kumi alasiri,
na upepo wake unaobisha dirishani bila sababu.
Jibu kaa nalo.

Leo nimenunua penseli.
Ukurasa wa mia na kumi na tatu, kwa Kiswahili,
mwandiko wangu ukiinamia kushoto:
Hata mimi nimekiona.