Chupa ya Saa Nne

Kiwandani Igogo minofu ya sangara inapita,
na kifua kinaanza kunidai.
Hakivai saa, wala hakikosei.

Stoo ya gambuti haina komeo.
Ng'wasi anauegemea mlango kwa nje,
anakohoa kila msimamizi akipita.

Nakamua kwa mkono. Mwanzo, hakuna.
Nafumba macho, namtafuta Limi:
kisogo chake, jasho la kisogo chake,
ndipo yanashuka, tsi, tsi,
kama mvua inayojaribu bati.

Nusu chupa. Leo nusu inatosha.

Barafu hapa si shida, ni tani kwa tani.
Naifukia chupa yangu pembeni
nikiwa nimeandika jina kwa wino mnene,
isije ikapakiwa na minofu kwenda Ulaya.

Jioni napanda mlima, jiwe kwa jiwe,
chupa kwapani, imefungwa kwenye kitenge kibichi.
Mama mkwe anaipokea kabla hajanisalimu.
Hii ni ya kesho, nisipokuwepo.

Limi ananusa vidole vyangu.
Nimevisugua kwa limau, kwa majivu;
bado ni samaki.
Anakunja uso kama mzee aliyepunjwa sokoni,
ananitazama,
halafu ananyonya.