Hewa Isiyohesabiwa

Iliwaka Jumatatu, kwenye mataa ya Beverley Road,
rangi ya chai iliyozidi majani,
kijichoro cha injini kisichopepesa macho.
Gari likaenda vilevile. Ndiyo maana niliogopa:
maradhi yasiyo na homa.

Micra hii ni ya mwaka elfu mbili na tano.
Niliinunua kwa Mpoland aliyekuwa anarudi kwao,
ikanipeleka kwa wazee wa watu alfajiri na usiku,
kuwaosha, kuwavisha, kuwamezesha vidonge.
Ukaguzi wa mwaka, zimebaki siku kumi na moja,
na taa hiyo ikiwa inawaka, gari limefeli,
hata kama breki zinashika mpaka abiria anasujudu.

Gereji ya pale kona walitaka mji kabla ya kutega:
pauni tisini, kuchomeka waya tu.
Nikasema mji huo sina.
Nikanunua kifaa cha pauni kumi na mbili,
nikakichomeka chini ya usukani, gizani,
tochi nimeiuma kwa meno.
Kikatega: P, sifuri, moja, saba, moja.
Kwa lugha ya watu: petroli kidogo, hewa nyingi;
injini inavuta pumzi ambayo haikuandikwa popote.

Nilikosea kwanza, nisifiche.
Nilisafisha sensa ya hewa kwa dawa ya kopo,
nikafuta namba, nikajipongeza, nikapika pilau.
Alhamisi, mlangoni kwa Bi Thackray, ikarudi.
Bi Thackray, miaka tisini na miwili, akasema
marehemu mumewe angeizaba dashibodi kofi.
Niliizaba. Tusilizungumze hilo.

Jumapili ilikuwa mvua ile ya Hull,
hainyeshi, inakaa tu hewani kama mgeni asiyeaga.
Nikafungua boneti injini ikinguruma,
na chini ya ngurumo nikasikia sonyo,
refu, jembamba, la mtu aliyekuchoka.
Lakini wapi? Mipira imesokotana humo
kama ukoo siku ya kugawana urithi.

Ndipo nikakumbuka udi.
Kijiti kimoja, katika pakiti ninayoitunzia Idi.
Nikakiwasha, nikakipitisha taratibu juu ya mipira,
mbali na petroli, ndoo ya maji miguuni.
Jirani yangu, Bwana Garbutt, akasimama na mbwa wake;
nadhani aliamini nalipunga gari pepo.
Nikamwambia ndiyo, na ni pepo wa Kijapani.
Akacheka. Mbwa akapiga chafya.

Moshi ulipanda, ukapanda,
kisha, nyuma ya boksi la chujio, ukapinda,
ukazama ndani ya mpira kama panya aijuaye nyumba.
Ufa. Mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu.
Usipouziba... najua, najua.

Mpira mpya, pauni nne na peni sitini.
Ule wa zamani ulimeguka mkononi kama biskuti.
Klipu ikanikata kidole. Nikafuta namba tena.
Safari hii sikupika kitu.

Leo siku ya nne, dashibodi nyeusi tii.
Nimeegesha nje kwa Bwana Ackerley, mapema kidogo,
nawaza ile hewa, jinsi gari kuukuu
lilivyokataa kuivuta kimyakimya.
Kutoka kwa Bi Thackray hadi hapa ni dakika kumi na saba.
Kampuni hulipa ukiwa ndani ya mlango; barabara si yao.
Nyumba tisa kwa siku. Miaka sita.
Nimetoa risiti ya mpira, nyuma yake nikaandika
17, kwa kalamu inayoteleza kwa grisi.
Chini yake 11. Chini yake 22.
Mstari wa jumla bado sijauchora.
Pazia la Bwana Ackerley limesogea. Anataka chai yake.