Nyutoni Elfu, Kasoro Ishirini

Mwalimu Sechelela, leo nimekuona sokoni Kibaigwa,
mkoba kwapani, unauliza bei ya mahindi kwa ndoo.
Sikukuamkia. Nilikuwa chini ya gunia,
na aliyebeba kilo mia huamkia kwa macho tu,
macho yangu nayo yalikuwa kwenye ubao.

Basi shikamoo sasa, jioni,
nimeketi juu ya mzani uliofungwa, navua ngata.

Ulinipa sifuri, kidato cha pili, mwaka ule wa njaa.
Swali lilikuja kwa Kiingereza: kitovu cha uzito ni nini?
Nikajibu kwa Kiswahili: ni pale panapouma.
Kalamu yako nyekundu ikatoboa karatasi
(ncha ndogo, hasira kidogo, kanieneo kubwa),
darasa likacheka hadi Chigwiye akaanguka na kiti,
maana alikisimamisha kwa miguu miwili ya nyuma
na timazi lake likatoka nje.

Nina miaka kumi na moja chini ya magunia.
Katikati ya gunia sipo unapopaona.
Mkulima hutia yaliyokauka chini, yenye unyevu juu,
kisha dalali huongeza kilemba, lumbesa,
na kitovu hupanda kama mtu aliyepata cheo,
na kilichopanda hutafuta sababu ya kuanguka.
Nalitikisa mara moja begani. Nalisikiliza.
Likivuta kushoto, nyonga yangu yaenda kulia.
Hapo hakuna hesabu. Kuna nyonga.

Dalali ana bambo, chuma chembamba,
hulizamisha ubavuni mwa gunia kwa kusukuma kidogo tu
na punje humwagika kiganjani mwake.
Mimi, na uzito wa watu wawili, na viatu vya tairi,
sitoboi hata ubao.
Ndipo nilipomkumbuka tembo wetu, yule wa Wagogo,
aliyefuata maji akadidimia, watu wakasema idodomya,
mji ukapata jina
kwa tope lililoshindwa kubeba nyayo nne.
Wewe ulitufundisha kwa visigino vya wanawake wa Ulaya,
na jibu lilikuwa kwenye vyeti vyetu vya kuzaliwa:
Mkoa, Dodoma.

Februari Fuso ilizama pale kwenye lango la alizeti.
Tajiri alitaka tushushe mzigo wote.
Nikasema, leteni mbao.
Uzito uleule, eneo kubwa zaidi.
Likatoka linalia. Tulipewa soda moja, watu watano.

Ndahani aliteleza mwaka juzi, katikati ya ubao,
pale unapopinda zaidi.
Sasa anashona midomo ya magunia, amekaa.
Sitaki kumfanya mfano.

Jambo moja lilinichosha siku zile:
kwamba kitu kilichotulia hakikukosa kani,
ila kani zake zimelingana.
Niliandika, nikafuta, nikachora mbuzi pembeni.
Leo, ulipokuwa ukipatana bei, foleni ya ubaoni ilikwama,
nikasimama na gunia dakika nzima.
Juu, nyutoni elfu kasoro ishirini.
Chini, udongo mwekundu wa Kibaigwa
ukinisukuma kwa nguvu hiyohiyo,
pamoja na uzito wangu mwenyewe,
ambao hakuna anayeulipia.
Jasho likasimama kwenye nyusi.
Sokoni hakuna aliyeona kitu kikitokea.

Ulinunua ndoo mbili. Kijana akataka kukubebea, ukakataa.
Moja mkono huu, moja mkono huu,
ukavuka barabara umenyooka.