Deni la Jua

Saa saba mchana, machimbo ya Rupa.
Nyundo zinanyamaza moja moja
kama mvua inayojutia kunyesha.
Marumaru inaturudishia jua usoni,
nyeupe, tupu, sahani iliyokwisha kulambwa.

Hapo ndipo anapotoka kuchakuro.

Saa saba! Panya-miiba yumo ufani tangu alfajiri,
panya wa mchangani ameziba mlango kwa udongo
unyevu wa pumzi yake usije ukatoroka.
Yeye anatoka, mwekundu kama vumbi la Nadunget,
analigeuzia jua mgongo,
anainua mkia, anautandaza juu ya kichwa,
na chini ya kivuli hicho, chembamba kama cha ufagio,
anatafuna mbegu ya mgunga.

Hana jasho. Nimemtazama miezi minane,
hana hata tone.
Maji yake ni yale anayoyachimba ndani ya mizizi,
na mkojo wake, ukiuona, ni gundi.
Joto linampanda, naye analiacha lipande,
kama mtu anayechukua unga dukani kwa mkopo
akijua ni wapi atalipia.
Kisha ghafla, mbio, shimoni.

Siku moja nilichungulia, ukingo ulipobomoka.
Amelala kifudifudi, miguu minne huku na huko,
tumbo, pale penye manyoya haba,
limegandamana na udongo baridi.
Analipa.
Udongo unapokea, hauandiki.
Akatoka tena, mwepesi, kwenda kukopa upya.

Lokwang wangu alipochemka, mwezi wa tatu,
muuguzi Apolot alisoma kijiti cha kioo:
thelathini na tisa na nusu.
Mlowanishe kifua, akasema.
Nikamkumbuka panya niliyemfunika utotoni
chini ya ndoo ya bati, juani, kwa mchezo tu:
alivyojipaka mate kooni, mikononi, kifuani,
akitumia kidogo alichobakiwa nacho
mpaka nilipoinua ndoo.
Sikujua nilikuwa natazama nini.

Sasa sisi.
Lori huja saa kumi,
na daftari la Adupa, msimamizi, halina safu ya kivuli.
Kiswahili hiki nilikiokota kwa madereva;
neno la kwanza lilikuwa haraka, la pili deni.

Jumanne macho yalianza kuona nyundo mbili.
Nikashuka katika shimo la wiki iliyopita,
lile lililotunyima jiwe,
nikapandisha blauzi, nikalala kifudifudi.
Lo! Ubaridi ule,
kama kauli ya mtu asiyetaka chochote kwako.

Adupa akapiga yowe: "Nakut amekufa!"
Wakaja mbio, vumbi likaniangukia shingoni.
"Sijafa," nikauambia udongo, "nalipa."
Wengine walicheka.
Lomilo, mbebaji, hakucheka; alishuka, akavua fulana,
akajibwaga kando yangu kama gunia.
Kisha Naduk, na mimba yake ya miezi sita,
akajilaza kwa ubavu, taratibu, akishikilia ukuta.

Juu, ukingoni, kuchakuro alisimama, mkia kichwani,
akitukagua kama mwenye nyumba aliyekuta wageni.

Honi ya lori ikalia. Ikalia tena.
Ya tatu ilipolia
nikageuza shavu la pili.